Jemedari Randa na Kiti cha Mfalme

Jumatatu, 9 Juni

Siku njema! Asubuhi aliingia karakanani kwangu mama mmoja, mwenye ule ukumbi mpya wa sherehe pale kona. Anataka kiti cha heshima cha kuwekwa jukwaani, akalie mgeni rasmi. Jumamosi atakagua viti viwili: changu, na cha fundi wa ng'ambo ya barabara, yule tunayemwita Msasa kwa jinsi ulimi wake unavyokwaruza. Mshindi atatengeneza viti vya ukumbi mzima. Ukumbi mzima! Msasa alikuwa amesimama mlangoni kwake, shingo kairefusha kama anayechungulia kisima.

Nimemwambia yule mama alale usingizi. Kiti ninacho kichwani tayari.

Uongo. Kichwani nina joka.

Joka lenyewe linaishi juu ya mlima, ndani ya gemu iitwayo Milki ya Mawe Saba. Mashine ya kuichezea niliipata kwa mteja aliyekuwa anahama. Nilimpa kabati, akanipa mashine, tukaagana kwa furaha. Mke wangu nilimwambia ni kifaa cha kunoa akili. Tangu siku hiyo mimi si seremala tu. Mimi ni Jemedari Randa, mwenye upanga, deraya na farasi mweupe! Ukiona mlima kule mbali, unakwenda. Ukiona mto, unavuka. Hakuna wa kukuuliza unakwenda wapi, utarudi lini, na meza yangu itakuwa tayari lini. Ukiingia mjini watu wanainama: karibu, shujaa wetu. Hapa mtaani naitwa "we fundi".

Kiti nitaanza kesho. Fundi hodari hakurupuki.

Jumanne, 10 Juni

Nimebuni mpango. Joka haliwezi kuuawa jioni, maana jioni runinga ni ya mke wangu na tamthilia zake. Lazima liuawe mchana. Basi nilipoinama kuvaa kiatu nikatoa ukelele mmoja safi, nikabaki nimepinda kama ndoana. Mgongo! Mke wangu akaacha chai yake mezani. Uso ukamjaa huruma. Nikaona aibu. Kidogo.

Tatizo ni kwamba huruma ya mke wangu ina mikono mizito. Kanisugua dawa inayowaka kama pilipili, kisha kanilaza sakafuni, kifudifudi, kwenye godoro jembamba. Kasema mgongo mbovu hautaki kukaa wala kusimama. Halafu akaenda saluni kwake. Ni msusi, na wateja wake hawasubiri mgonjwa.

Mlango ulipofungwa tu nikatambaa kama kenge hadi kwenye mashine. Nimecheza nimelala, kidevu juu ya mto. Sasa shingo ndiyo inauma kwelikweli. Lakini nimevuka msitu mzima bila kumwomba mtu ruhusa! Niliokota kila kitu nilichokiona: vikombe, ngozi, mishumaa, jibini. Mwishowe gemu ikaniambia nimebeba kupita kiasi, siwezi tena kukimbia. Jemedari mzima nikatembea kwa kujikokota nchi nzima, kama mtu aliyebeba friji. Kutupa jibini nilikataa. Huwezi kujua.

Mke wangu amerudi na habari anazoziita njema. Kampigia simu mama yake. Anakuja kuniuguza.

Jumatano, 11 Juni

Mama mkwe kafika mapema, na kapu lake na uso wa mtu aliyeuguza wengi na kuwazika baadhi. Nikamwamkia kutoka sakafuni. Akaitikia, akavuta kiti, akaketi karibu na kichwa changu kama askari wa lindo.

Nimekaa mpole mpaka nikashindwa. Nikamwomba ruhusa ya kutazama "picha" kidogo, ili nisahau maumivu. Akaniruhusu. Akauliza mbona picha hii haiendi yenyewe. Nikamweleza kwamba hii inangoja uiambie cha kufanya. Akasema kumbe ina adabu.

Adabu! Hapo ndipo balaa lilipoanza. Nikaingia nyumba ya kwanza kijijini kutafuta upinde. Mama mkwe akashtuka: hodi iko wapi? Nikamwambia huku hakuna hodi. Unaingia tu, unafungua makabati, unachukua mkate wa watu, na mwenye nyumba anakutazama akisema leo anga ni jeupe. Mama mkwe akasema hao si watu, wamerogwa. Tukaenda nyumba ya pili. Leo anga ni jeupe. Mvua ilikuwa inanyesha! Ya tatu, hivyo hivyo. Sikuwahi kulitambua hilo mpaka nilipotazama kwa macho ya mama mkwe.

Kisha akamwona bibi kizee kisimani, kapotelewa na mbuzi. Nikataka kupita, maana mlima ulikuwa unaonekana kabisa. Mama mkwe akanisimamisha. "Mwanangu, unampita mtu mzima analia?"

Nikamwambia kuna joka, mama, nchi nzima inateketea.

"Joka litangoja. Mbuzi hangoji."

Asubuhi nzima tumetafuta mbuzi. Tukampata! Alikuwa amenasa ndani ya jiwe, kichwa na mabega havionekani, miguu ya nyuma inapiga teke hewani. Makosa ya waliotengeneza. Mama mkwe alinyanyuka kitini, akaniamuru nimvute. Hakuvutika. Tukarudi kwa bibi mikono mitupu, na bibi akatushukuru kwa machozi kwa kumrudisha mbuzi wake, akanipa kofia. Mama mkwe akasema mwanamke huyo ama haoni ama ni mwongo, nirudishe kofia. Nimeivaa alipokwenda jikoni.

Kiti: bado. Ila leo nimechunguza viti vya milki yote, kikazi. Ni kiti kimoja tu! Kwa mkulima, kwa mhunzi, mpaka jikoni kwa mfalme, kiti ni kilekile chenye ufa uleule mguuni. Seremala wao aone haya.

Alhamisi, 12 Juni

Msasa kaja "kumjulia hali mgonjwa". Hakupitia mlangoni. Kapitia dirishani, na kanikuta nimepiga magoti, rimoti mkononi, nikiwafokea majambazi watatu. Akatabasamu tabasamu la fisi aliyeona zizi wazi. Akasema pole sana, jirani. Akasema kiti chake kimebaki kupakwa vanishi tu. Kisha akaelekea moja kwa moja saluni kwa mke wangu. Alikwenda huku anakimbia!

Nikajua nimekwisha. Mchana mke wangu kaingia, mikono kiunoni. Akauliza ni kweli kwamba mgonjwa wake anapigana na majambazi?

Mama mkwe hakuinua hata macho kutoka kwenye mchele aliokuwa akiuchambua. Akasema ni yeye aliyeamuru. Ni mazoezi ya vidole. Vidole vikichemka, damu inashuka uti wa mgongo, mshipa unalegea. Babu yake mzaa mama aliponywa hivyo hivyo. Kwa kuchambua maharage, ila leo maharage hakuna.

Mke wangu akatutazama, mmoja baada ya mwingine, kama anayetafuta chawa. Akarudi kazini.

Nina mama mkwe hapa duniani! Wenzangu wanaogopa wakwe, mimi nina ngome!

Ngome ikanyoosha mkono ikataka rimoti. Zamu yake, akasema. Akapanda farasi, akamwamkia, akampeleka polepole kwa sababu "mnyama huchoka". Sijui alibonyeza nini. Farasi akatokea juu ya paa la mhunzi, akakataa kushuka. Alasiri yote tumemsihi. Mhunzi akipita chini anasema leo anga ni jeupe.

Ijumaa, 13 Juni

JOKA LIMEKUFA!

Tulifika kileleni, mimi na mama mkwe, yeye akisoma dua, mimi nikiwa na upanga na jibini zote. (Nilikula jibini moja kila nilipoumizwa. Unaona? Huwezi kujua!) Joka likashuka kwa kishindo, mbawa zimefunika jua. Mama mkwe akajifunika kanga usoni. Likatua vibaya, likazama ardhini mpaka shingoni, likabaki mkia juu, linautikisa kama mbwa aliyefurahi. Makosa ya waliotengeneza, tena! Wengine wangeona si haki kulichoma upanga joka lililonasa. Nimelichoma mpaka likafa.

Mfalme akapiga magoti mbele yangu. Kengele zikalia. Nikaruhusiwa kukalia kiti chake cha enzi. Sijawahi kupandishwa hivyo maishani! Jemedari Randa akapanda ngazi, akageuka, akaketi, na akazama ndani ya kiti. Kikabaki kichwa tu juu ya kalio la kiti, kama nazi juu ya sinia. Mama mkwe alicheka mpaka akajishika mbavu.

Halafu akafuta machozi ya kicheko. Akasogea karibu na kioo cha runinga. Akasema lakini tazama, mwanangu, mgongo wa hiki kiti. Mbawa mbili zimechongwa, zinakutana juu, unyoya kwa unyoya. Akasema nchi nzima hii ina kiti kimoja kizuri na hakikaliki. "Wewe si fundi? Huwezi kutengeneza cha kukalika?"

Kitu kikanipanda kutoka miguuni. Niliruka! Niliruka wima, nikazunguka chumba, nikaonyesha kwa mikono patasi itapita wapi, gundi itaingia wapi. Nilipogeuka mke wangu alikuwa mlangoni.

"Mgongo umepona?"

Nikasema umepona ghafla.

"Mungu mkubwa," akasema. Akanitazama kutoka utosini mpaka unyayoni. Nimepigana na majambazi na joka, na hakuna kilichonitisha kama yale macho. Mwishowe akauliza: "Na kiti ni kesho?"

Nikakubali kwa kichwa. Akafunga kitenge chake kiunoni, akatangulia karakanani.

Nilikuwa na kiunzi imara cha kiti alichokikataa mteja mmoja. Nikachonga mbawa kwenye ubao mgumu mwekundu niliouhifadhi muda mrefu bila kujua ni wa nini. Sijawahi kuchonga hivyo. Patasi ilikuwa inajiendea. Mama mkwe akasimama nyuma yangu na kunikumbusha kila unyoya. Kalio la kiti lilibaki wazi, sina kitambaa. Mke wangu akachukua kamba ya katani, akaisuka. Akaisuka kama anavyosuka vichwa, mistari mitatu ikikumbatiana, bila pengo wala fundo. Jua lilipozama kiti kilikuwa kimesimama sakafuni.

Ng'ambo ya barabara, nyundo zangu zilimtia Msasa kiwewe. Nilimwona akichovya brashi, akiongeza vanishi. Na akaongeza tena.

Jumamosi, 14 Juni

USHINDI! Ushindi mtupu, usio na mfupa!

Mama mwenye ukumbi alianza kwa Msasa. Kiti kinang'aa kama kioo, unaweza kujinyolea hapo. Akakisifu. Akaketi. Akasema kizuri. Akataka kusimama, asisimame. Vanishi ilikuwa mbichi. Akanyanyuka na kiti kikanyanyuka naye, kimemganda gauni. Msasa akavuta miguu ya kiti, mama akavuta kwenda mbele, gauni likatoa sauti nitakayoikumbuka kila nikiwa na huzuni. Mtaa mzima ukageuza uso kwa heshima. Mimi sikugeuza.

Akaja kwangu amejifunga kitenge cha mke wangu. Akapapasa mbawa. Akaketi taratibu, kama anayepima maji ya moto. Akafumba macho. Hakutaka kunyanyuka! Akauliza nilipata wapi umbo hili. Nikasema nimetembea milki nyingi. Mama mkwe akaitikia, nyingi kwelikweli. Akauliza nani kasuka. Mke wangu akasema ni yeye, na nikaona anauma mdomo asicheke.

Viti vya ukumbi mzima ni vyangu! Msasa akanipa mkono, mkono unanata.

Jumapili, 15 Juni

Mama mkwe kaondoka leo. Mke wangu katoa hukumu kwa upole: mashine iende na mama, ikakae kwake mpaka viti vya ukumbi viishe. Mama mkwe akaipokea kwa huzuni kubwa, akaifunga ndani ya kanga mbili isije ikapata baridi.

Sikulalamika. Nimebadilika. Nimeelewa kwamba heshima ya mtu ni kazi ya mikono yake, na kwamba Milki ya Mawe Saba ina watu wasiojua hata mvua. Kuanzia kesho ni randa, patasi na msumeno. Nimemwahidi mke wangu, na nimejiahidi mwenyewe.

Jumatano, 18 Juni

Mama mkwe kapiga simu. Alikuwa ananong'ona. Nyuma ya maporomoko, kasema, kuna mlango ambao hatukuuona. Kaufungua. Kuna nchi nyingine nzima! Theluji, majumba juu ya mawingu, na majoka mawili, na haya hayanasi popote. Kasema peke yake hawezi. Kasema mwanangu, njoo.

Nimemweleza mke wangu kwamba mbao za huku zina vifundo mno. Kule kwa mama zinasifika. Itanibidi nikae siku kadhaa kuzichagua moja moja, na papo hapo nimsaidie mama kazi ndogondogo. Kafurahi mno! Kasema hakujua kama nampenda mama yake hivi. Kanifungia na chakula cha njiani.

Viti vya ukumbi havitalala. Msasa kajitolea mwenyewe kunishikia karakana na kumpokea mama mwenye ukumbi akipita kuulizia. Kasema yaliyopita si ndwele, fundi na fundi ni ndugu. Nimemwachia funguo na kiti cha mbawa, ambacho bado hakijachukuliwa, akipime vizuri. Kumbe ni mtu mwema, nilimdhania vibaya tu. Naondoka asubuhi!