Sababu ya Talaka: Gari

Jumatatu, 15 Agosti 1994

Namwacha Duane. Nimeandika kwa wino ili nisije nikafuta.

Sababu ni gari. Gari langu la kijivu nililoachiwa na bibi, ndilo ninalompelekea mwanangu Amber kliniki. Jumamosi nilikuwa kwenye maonyesho ya kaunti, nauza keki za kanisa, Amber mapajani. Mara kipaza sauti kikatangaza mashindano ya kugonganisha magari, ambapo la mwisho kutembea ndilo mshindi: namba saba, Duane Pickett, anaendesha “Rhonda”. Rhonda ni mimi. Nikapanda juu ya benchi. Gari langu hilo, limeng'olewa vioo, limeng'olewa taa, jina langu limepakwa ubavuni kwa rangi nyekundu. Wenzake wakalipiga kwa nyuma mpaka buti likahamia mbele. Kila likigongwa watu wanashangilia jina langu.

Kiti cha mtoto alikitoa kwanza, akakiacha kwenye ngazi za nyumba. Hapo ndipo akili yake ilipoishia.

Ameshika nafasi ya pili. Kikombe kiko juu ya televisheni. Anasema alitaka kunipa heshima, si kila mwanamke huandikwa jina. Mama yake, Earlene, akaja kukipangusa kikombe kwa aproni yake ya jikoni, akaniambia nisithubutu kuleta mdomo. Eti hakimu gani atamwachia mtoto mwanamke asiye na gari? Yeye ana gari na vyumba vitatu.

Amber ana miaka miwili. Haendi popote.

Mpango: kufungua kesi kimyakimya, nipate karatasi yenye mhuri inayosema mtoto ni wangu, kabla Earlene hajashtuka.

Jumanne, 16 Agosti

Maili nne kwa miguu hadi mahakama ya kaunti, nasukuma kigari cha mtoto. Duane alinipita na lori la kazini, akapiga honi, akapunga mkono. Hakuuliza naenda wapi. Nikapunga pia, nikamtukana kwa tabasamu.

Dirisha namba mbili ndilo la kila kitu: kibali cha ndoa, fomu ya talaka, leseni ya mbwa. Mbele yangu mwanamume na mbwa wake. Nyuma yangu wachumba wawili wanapapasana. Nikawaambia wamtazame mbwa vizuri, huyo ndiye atakayetoka hapa na karatasi ya maana.

Karani ni Bi Stuckey, mama wa makamo, miwani ina mnyororo. Kurasa kumi na mbili. Nilimaliza darasa la tisa tu lakini kusoma najua. Tatizo ni pale panaposema Sababu. Nikaandika: Gari. Bi Stuckey akasoma, akanitazama. Nikaongeza: Na mama yake.

Nikamwomba anisaidie maneno. Akasema, “Binti yangu, siruhusiwi kutoa ushauri wa sheria.” Nikamwuliza basi angeandika nini yeye. Siruhusiwi. Nikamwuliza kama Gari inatosha. Siruhusiwi, ila nyusi zake zilisema haitoshi.

Hapo likanijia wazo. Duane ana mtalaka, LaDonna, yule wa saluni. LaDonna ana maneno, kila mtu anajua. Talaka yake lazima iko humu humu, imeandikwa vizuri. Nitaiiga, nibadilishe jina tu. Bi Stuckey akasema kumbukumbu za talaka ziko chini ghalani, na mwananchi yeyote ana haki ya kuzisoma. Hilo anaruhusiwa.

Jumatano, 17 Agosti

Maili nne tena. Ghala linanuka viatu vilivyolowa. Daftari za majina ni nzito kuliko Amber. Nilimpa biskuti za chumvi akae sakafuni, akala biskuti na kona ya daftari la mwaka 1962.

Akina Pickett kumi na wanne wameachana katika kaunti hii. Ukoo mzima ungejaza basi la shule. Nikapita kwa kidole mmoja mmoja, na nani nikamkuta? Earlene. Yule anayeimba kanisani kuhusu uvumilivu wa ndoa. Talaka mbili, 1971 na 1978, na mume ni yule yule, baba yake Duane. Alimwacha, akaolewa naye tena, akamwacha tena. Nilicheka peke yangu ghalani mpaka Amber naye akacheka. Mtu gani mwenye akili timamu anarudi kuolewa na mwanamume ambaye yeye mwenyewe alikwisha kumtupa?

Halafu faili la LaDonna. Jembamba. Nikafungua ukurasa wa sababu. Ameandika, kwa mwandiko wa kulala wa kupendeza, kwamba mwaka 1989 mume wake alichukua gari lake bila idhini, akalipaka jina lake ubavuni, akaenda kuliponda kwenye maonyesho ya kaunti.

Nikasoma mara tatu. Wa kwanza kuandikwa jina si mimi. Yaani hata kwenye kudhulumiwa nimepewa makombo ya LaDonna. Na gari lake lilishika nafasi ya ngapi? Ya kwanza. Kikombe chake kilikuwa kikubwa zaidi. Hasira ikanipanda upya, nusu kwa ajili ya gari, nusu sijui kwa ajili ya nini.

Nikanakili neno kwa neno, pamoja na mhuri wa ukurasa wa mwisho: “Shauri limefutwa. Wahusika hawakufika.” Sikuuelewa ila ulionekana wa kitaalamu.

Juu, Bi Stuckey akasoma. Akafika kwenye mhuri. Akavua miwani. Akaniuliza niliolewa na Duane lini. Juni 1991, nikasema, kwa dirisha hili hili. Akafunga macho kidogo. Akasema haruhusiwi kutoa ushauri wa sheria, lakini kila Alhamisi wakili wa bure huketi maktabani, na kama ningekuwa mtoto wake angenibeba kunipeleka.

Alhamisi, 18 Agosti

Wakili anaitwa Bwana Feeney. Kijana, tai ina doa la mchuzi wa nyanya. Akasoma karatasi zangu taratibu kama mtu anayefungua zawadi asiyoitaka.

Akaeleza. LaDonna alifungua kesi, lakini siku ya kusikilizwa hakufika mtu, kesi ikafutwa. Kwa hiyo hawakuachana. Kwa hiyo Duane alipofunga ndoa na mimi alikuwa na mke. Kwa hiyo ndoa yangu si ndoa, na pasipo ndoa hakuna talaka.

Nikamwambia aanze tena tangu mwanzo. Akaanza. Bado jibu lilikuwa lile lile.

Akasema nisihuzunike, hii ni heri. Kwa kuwa hakuna ndoa, mtoto ni wangu, niko naye, na mama yake Duane hana pa kushika. Nilichokuwa nakitafuta ninacho tayari. “Dada, rudi nyumbani, usifanye chochote. Naomba unisikilize. Usifanye chochote kabisa.”

Nilimsikia. Lakini kichwani kulikuwa na jambo moja tu: nimenyang'anywa talaka yangu. Miaka mitatu nafua ovaroli za mume wa mtu. Kanisani nimekaa benchi la wake. Sasa nitoke vipi? Kama mpangaji?

Nikaenda moja kwa moja saluni. LaDonna alikuwa anampaka Bi mmoja dawa kichwani. Nikamtolea habari yote mbele ya wateja. Akaacha brashi hewani.

“Basi karibu, mke mwenzangu,” akasema. Akacheka mpaka dawa ikamchirizikia yule Bi sikioni. Ikawa yeye alidhani kwenda mahakamani ni kazi ya Duane, Duane alidhani ni kazi ya LaDonna, na kila mmoja akajiona ametalikiwa na mwenzake. Halafu akaacha kucheka. Ana mchumba, wamepanga harusi Krismasi. Akaniuliza, kwa sauti ya chini sasa, kama lile gari lake liko kwenye faili. Nikamwambia liko. “Lilikuwa la bluu,” akasema. Nikamshika mkono. Sikuwa nimepanga.

Ijumaa, 19 Agosti

Nimemwambia Duane. Alilia. Anasema alisubiri karatasi ije kwa posta, na ilipokuja barua ya mahakama hakuifungua kwa sababu hapendi habari mbaya.

Earlene alifika kabla ya chakula, akaanza: anamchukua Amber, nyumba yangu ni ya magurudumu, ya kuvutwa na lori, mimi si mke, kumbe hata sikuwahi kuwa mke. Nikamwambia ndiyo maana hamgusi mtoto, wakili amesema. Nikamwuliza habari za 1971. Nikamwuliza habari za 1978. Akakaa. Akala saladi yangu yote ya viazi, akaosha bakuli, akaondoka.

Nimeshinda. Amber amelala hapa ananikoromea ubavuni, jasho la shingo linanukia biskuti. Ni wangu. Hakuna wa kunigusa.

Mbona bado nina hasira? Kwa sababu sina mhuri. LaDonna atapata talaka, Earlene anazo mbili, mimi sina hata moja.

Nimepata mpango. Duane na LaDonna watalikiane kihalali. Halafu anioe mimi kihalali, Ijumaa. Halafu Jumatatu yake namfungulia kesi, kwa maneno ya LaDonna, na safari hii natoka kwa mlango wa mbele. Sijui kwa nini Bwana Feeney hakuliona hili.

Jumatatu, 26 Septemba

LaDonna kaachika. Alinichukua kwa gari la mchumba wake, tukamweka Duane katikati kama mfungwa, nikamshika mkono wa shati mpaka hakimu alipogonga meza. Duane alisema samahani kwa ajili ya gari la bluu. LaDonna akamwambia amechelewa miaka mitano. Kisha akanikumbatia mimi. Akanisihi njiani, tafadhali Rhonda, mwache huyu mtu pale alipo. Nikamwambia ndiyo mpango wenyewe, ila kwa utaratibu.

Ijumaa, 7 Oktoba

Dirisha namba mbili. Kibali cha ndoa. Bi Stuckey aliniambia haruhusiwi kutoa ushauri wa sheria. Sikuwa nimemwuliza kitu. Akasema tena, polepole. Mara ya tatu machozi yalimlengalenga, ndoa humgusa nadhani. Bwana Feeney alipita na mkate wake mkononi, akatuona, akarudi alikotoka.

Hakimu alitufungisha dakika nne. Amber alishika maua. Earlene alilia, akaniita binti, akanipa bati lake la keki, akasema sasa tuko sawa yeye na mimi. Sikumwelewa.

Kesi naifungua Jumatatu. Bi Stuckey anasema Jumatatu ni sikukuu, wamefunga. Basi Jumanne.

Na nitakiri Duane amejitahidi. Tulipotoka nje alinifunika macho. Gari! La kijani, refu, chuma kizito cha zamani. Zawadi ya harusi. Vioo halina bado, wala taa, na kiti cha nyuma ameking'oa, anasema anakifanyia usafi. Nimemwambia kiti cha Amber kitakaa hapo. Akasema kwa sasa kikae kwenye ngazi.

Kesho asubuhi analiazima kidogo, uwanja wa maonyesho una shughuli ya mwisho ya msimu. Ameniuliza napenda rangi gani kwa ajili ya jina. Nimesema nyeupe, itaonekana vizuri zaidi.

Jumanne siendi kwa miguu. Ninalo gari.