Alama Nane za Wilondja na Sufuria za Buffalo

Nyamazisheni simu zenu, enyi watu wa Haltom City, nanyi wa Euless mliotoka zamu na viatu vya chuma bado miguuni, nanyi wa Pearland mlalao katika nyumba zenye gereji mbili! Zimeni jiko, sogezeni viti, mkemeeni mtoto anayelia. Nawasimulia habari za Wilondja mwana wa Fizi kule Kongo, mpanga-maboksi asiyechoka, mwenye mabega kama mlango wa kontena, aliyekwenda vitani na kalamu moja ya wino wa bluu, akarudi na jina. Mwaka siutaji, kwa kuwa walioshindwa wangali na machungu, nami sitafuti ugomvi. Ee Mola, uliyenipa madarasa matano tu na mdomo wa madarasa kumi, niongoze nisiongeze chumvi kupita kiasi.

Jueni kwanza sheria, maana vita bila sheria ni fujo.

Kila mwezi wa nne, mpira wa kikapu wa Wamarekani unapofika kwenye mchujo, timu kumi na sita hupangwa mbili mbili, jozi nane, na kila jozi hupigana mpaka mmoja ashinde mara nne. Hiyo ndiyo raundi ya kwanza. Nasi watu wa Kiswahili tulio Texas, Wakongo wa upande wa Dallas na Watanzania wa upande wa Houston, tumejiwekea desturi: kila mwanamume hupewa orodha ya jozi nane, hutia alama kwa yule anayemtabiria ushindi, huipiga picha, huituma. Ikishatumwa haigeuzwi. Na Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tano hukutana pande zote mbili mjini Buffalo, kijimji kilicho katikati ya safari, kwenye bustani yenye meza za mawe, tukala. Atakayekosa jozi zote nane, asipatie hata moja, huyo huitwa Yai, yaani sifuri. Yai huvaa aproni ya maua, huosha sufuria zote za siku ile mbele ya watu wote, pamoja na ile ya bugali, ugali wa Kikongo, yenye ukoko unaoshika kama lami.

Sasa sikieni aibu. Miaka mitatu mfululizo, Yai alikuwa Wilondja.

Miaka mitatu! Hata mbuzi ukimwekea majina mawili achague moja kwa ulimi, mara nane, atapatia mawili matatu. Wilondja hakupatia hata moja. Watu walisema amerogwa. Mimi nilisema hajui mpira, nikamwambia usoni, akaninunia wiki mbili.

Lakini mwaka huo ulikuwa na jambo. Mwezi wa tatu mama mkwe wake, Mama Cécile, alishuka uwanja wa ndege hapa DFW akitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, baada ya kusubiri makaratasi miaka kumi na minne. Ndiye aliyempa Wilondja mke kule kambini, kijana akiwa hana hata godoro, akawaambia wazee, "Huyu hana kitu, lakini ana adabu. Mchukueni." Na kwao mama mkwe si mtu wa mchezo. Humuonyeshi mgongo, huli naye sahani moja, hupandishi sauti akiwa karibu. Mkwe mwanamume kuonekana na aproni ya maua, mikono ndani ya sufuria hadi kwenye viwiko, huku watu wanampigia makofi na kumwita Yai? Bora aseme ana homa asiende Buffalo kabisa. Ila Mama Cécile alikwisha kushonesha kitenge cha safari.

Basi Ijumaa, siku moja kabla ya mchezo wa kwanza, ikaja orodha kutoka kwa Leonce.

Leonce ni mtu wa Pearland, fundi wa mashine za picha katika hospitali kubwa ya huko, mwenye shati lisilokunjamana na kauli kama wakili. Ndiye mtunza orodha kwa upande wa Houston, nami kwa upande wetu. Alituma pia ujumbe wa sauti, na ujumbe wenyewe ulikuwa hotuba.

"Ndugu zangu wa kaskazini, salaam! Mwaka huu Mungu ni fundi, katukutanisha: jozi ya nane ni Dallas na Houston. Kaka Wilondja, nakusalimu kwa heshima, wewe mwosha-sufuria mkuu wa jimbo hili. Nasema mbele ya mashahidi: Dallas ikiitoa Houston, mimi Leonce, na shati langu jeupe hili hili, nitavaa aproni nizioshe sufuria mwenyewe. Nimemaliza. Karibuni pilau."

Wilondja alipousikia alikuwa mezani kwake Haltom City. Alisimama. Akavuta kalamu kama mtu achomoaye upanga alani, akaitazama orodha.

"Leonce anacheka," akanena. "Bon. Acha acheke. Miye niko na siri moja tu ya mpira, na siri hiyo baba yangu aliniachia: mwenye uwanja hapigwi kwake. Ukienda kwa mtu, unakula kipigo. Njo vile dunia iko."

Akatia alama nane kwa pumzi moja, zote kwenye jina la kwanza la kila mstari. Akaipiga picha, akaituma. Nikaipokea, nikaifungia.

Jumamosi asubuhi mke wake Clarisse alitoka zamu. Clarisse hutunza bibi mmoja Mmarekani wa miaka tisini, mwanamke asiyekumbuka majina ya wanawe ila anakumbuka kila mchezo wa kikapu tangu ujana wake, na hutazama yote huku Clarisse akimlisha uji wa shayiri. Kwa hiyo ndani ya nyumba ile, aliyejua mpira alikuwa Clarisse, ila hakuna mwanamume aliyewahi kumuuliza. Aliiona orodha mezani. Akaisoma. Akaketi chini polepole, akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

"Papa Shalom, kuja. Hii alama umetia juu ya nani?"

"Juu ya wenye uwanja. Wote nane."

"Wenye uwanja ni wa pili."

"Wa pili namna gani?"

"Wamarekani wanaandika mgeni kwanza, halafu mwenye kumpokea. Si kama football ya kwetu. Hii ya nane, Dallas anaenda Houston. Wewe umechagua wageni wote nane. Na mwaka jana?" Akamtazama. "Na mwaka juzi?"

Enyi mnaosikiliza, mmepata kumwona mtu anayegundua kwamba kwa miaka mitatu amevaa shati nje-ndani kanisani? Ndivyo alivyokuwa. Timu inayoanzia nyumbani ndiyo yenye nguvu; hiyo ndiyo haki yake ya kuanzia nyumbani. Basi kila mwaka, kwa mkono wake, shujaa wetu alikuwa amechagua wanyonge wanane, akawatuma kwa mabingwa wanane, akashangaa kwa nini hawarudi.

"Piga simu kwa mwenye kutunza orodha," Clarisse akasema. "Saa sita haijafika, mchezo haujaanza. Eleza. Watakuonea huruma, watakuachia uta-change."

"Nieleze nini? Kwamba sijui kusoma?"

"Kwamba uliisoma kama tunavyosoma sisi wote!"

"Leonce atatengeneza hotuba. Atafanya ujumbe wa sauti wa dakika tisa."

"Na mama yangu akikuona na ile aproni?"

Hapo Wilondja alizunguka meza mara mbili, kama simba anayetafuta mlango wa zizi, kisha akainua mkono juu ya kikapu cha ndizi, akanena kwa sauti iliyotikisa vikombe:

"Clarisse, sikiliza. Mwanaume anaweza kuosha sufuria, itatoka na sabuni. Lakini ujinga wa miaka tatu, ukishasemwa, hautoki. Nilitia alama. Alama ikae. Katika wanyonge wanane, mmoja hatakosa kuamka. Mmoja tu!"

"Basi omba," Clarisse akasema, akaenda kulala.

Mimi haya yote niliyajua baadaye, na nasema wazi: ningekuwa mimi ningepiga simu. Lakini mimi si shujaa, ndiyo maana naandika badala ya kuandikwa.

Vita vikaanza, na vilianza vibaya. Mnyonge wa kwanza alipigwa nne bila, hakupata hata nafasi ya kufunga kamba za viatu. Wa pili, nne bila. Wa tatu akajikaza, akashinda mchezo mmoja, Wilondja akaimba njia nzima kwenda kazini, na kesho yake akanyamaza. Wa nne na wa tano walianguka siku moja, kama magunia yaliyopangwa vibaya. Wa sita mchezaji wake mkuu aliumia goti, na Wilondja akamwombea mtu yule ambaye hata sura yake haijui, kwa jina, katika ibada ya Jumatano, mchungaji akidhani ni ndugu yake. Wa saba alifika mchezo wa sita, akafia hapo.

Akabaki wa nane. Dallas.

Na Dallas, wageni, wadogo, waliodharauliwa, wakawa hawafi! Wakapigwa, wakapiga. Wakapigwa tena, wakapiga tena. Tatu kwa tatu. Mchezo wa saba, wa mwisho, ukawekwa Houston, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tano, saa tisa mchana. Saa ambayo sisi sote tungekuwa Buffalo.

Sasa uoneni uwanja wa vita. Upande huu meza za Dallas: sombe ya majani ya muhogo, samaki, bugali mweupe kama shuka. Upande ule meza za Houston: pilau, kachumbari, kuku wa kuchoma. Katikati bomba la maji, mabeseni mawili, na sufuria kumi na moja zimepangwa moja juu ya nyingine kama mnara wa adui. Juu ya mnara imetundikwa aproni ya maua. Na mbele ya vyote, juu ya kiti cha kukunja, ndani ya kitenge kipya, ameketi Mama Cécile.

"Ile nguo ya maua ni ya nani?" akauliza.

"Ni ya mtu atakayeshindwa, mama," Clarisse akajibu, akaangalia pembeni.

Wilondja alisimama mbali, hatua ishirini, kama adabu inavyotaka, jasho likimtoka katika kivuli. Hakula. Leonce akaegemeza simu yake kubwa kwenye chupa ya pilipili, sote tukaizunguka, naye akaanza kunena.

"Kaka Wilondja, maji nimeshakufungulia. Vuguvugu. Nikuwekee na sabuni, au umekuja na yako?"

"Leonce, kaa kimya. Mpira uko unachezwa."

"Nakaa kimya, mkuu. Najali tu afya ya mikono yako."

Sitasimulia kila kikapu. Houston waliongoza kwa kumi na mbili. Halafu tisa. Halafu nne. Zikabaki sekunde sita, Houston mbele kwa pointi moja, mpira ni wa Dallas. Mtandao wa Buffalo, ambao si mtandao bali ni fununu, ukakwama. Picha ikaganda: kijana mmoja wa Dallas hewani, mikono juu, mpira umetoka vidoleni, umesimama katikati ya mbingu na nchi.

Watu arobaini tukaiinamia simu. Wilondja alizisahau hatua zake ishirini. Alikuwa bega kwa bega na kiti cha mkwe wake, na hakuna aliyemkemea.

Picha ikarudi. Wavu ulikuwa unatikisika.

Enyi wasikilizaji, kelele ile iliwaondoa ndege wa mji wote! Sisi wa Dallas tulikimbia bila kujua tunakwenda wapi. Mimi nina goti bovu na nilikimbia. Wilondja akapiga magoti kwenye nyasi, akainua kidole kimoja juu. Kimoja! Si viwili, kwa kuwa hakuwa na cha pili. Moja kati ya nane! Yai limepasuka, na ndani mna jogoo!

Leonce, na hapa namwandika kwa heshima, akakunja mikono ya shati lake jeupe, akaitwaa aproni, akaivaa, akaifunga nyuma kwa fundo zuri, akaenda kwenye beseni. Mtu ni neno lake. Akaanza na ile ya ukoko.

Ndipo Mama Cécile akasema apewe hiyo karatasi iliyowafanya watu wazima wapige kelele vile. Nikampa orodha ya mkwe wake, niliyoichapa kutoka kwenye ile picha. Akavaa miwani. Akapitisha kidole juu ya zile alama nane, mstari kwa mstari. Clarisse akaufunika mdomo.

"Amechagua wa kwanza wote," akasema mama. "Wa kwanza ndiye mwenye uwanja, sivyo? Kule kambini njo tulikuwa tunaandika vile."

Wilondja, angali magotini, akageuka rangi. Sufuria ikaacha kulia ndani ya beseni, na Leonce akainua kichwa, povu limemfika viwikoni. Akamtazama mama, akaitazama ile orodha mkononi mwake, orodha aliyoiandika yeye, akamtazama Wilondja. Nikajua. Leonce alikuwa anajua tangu mwaka wa kwanza kwamba mwenzake anaisoma kinyume.

"Ndiyo, mama," Leonce akasema. "Wa kwanza ndiye mwenyeji. Hawa Wamarekani ndio wanaoandika kinyume."

"Nilijua," akasema mama, akaikunja karatasi, akaitia kwenye mkoba wake. "Amefuata desturi ya kwetu. Huyu kijana ana adabu."

Wilondja akainuka. Akaenda mpaka kwenye bomba, akachukua kitambaa kikavu, akasimama kando ya Leonce, uso kwa mkwe wake na si mgongo, akaanza kuzifuta sufuria moja moja kadiri zilivyotoka.

Basi na iandikwe, na wanaoanza zamu kesho alfajiri wakalale wakijua: raundi ya kwanza, jozi nane, Wilondja mwana wa Fizi, moja.