Maiti wa Bure

Jumatatu, 4 Machi
Filamu yetu imebakiza onyesho moja: kijana anamlilia mama yake marehemu. Jirani niliyempa nafasi ya maiti kajitoa leo. Kasoma hati yote, anasema maiti hana hata neno moja la kusema. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi ya maiti. Kakata simu! Na mwigizaji mkuu, tunayemwita Staa, anasafiri Jumapili. Bila maiti hakuna filamu.

Jumanne, 5 Machi
Mungu si Athumani. Mama mkwe yuko kwetu, anamsaidia mke wangu kulea mtoto mchanga. Kila mchana baada ya kula analala kwenye kochi, chali, mikono kifuani. Nimemchunguza nusu saa. Nzi katua puani, wala hakushtuka! Kumwomba siwezi. Mkwe ni mkwe, hata chumvi namwomba kupitia kwa mke wangu. Bora asijue. Kesho mke wangu anampeleka mtoto kliniki.

Jumatano, 6 Machi
Ardhi ipasuke inimeze.
Mama alilala saa nane. Tukaingia tukinyata, mimi, Staa na mpiga picha. Nikamfunika shuka jeupe mpaka kidevuni, nikapanga maua, nikawasha mshumaa. Mpiga picha akashauri nimtie pamba puani. Nikakataa, nina adabu zangu. Staa, aliyeshindwa kulia wiki nzima, leo kalia kweli! Chozi likamdondokea mama shavuni. Akafumbua macho. Akaona mshumaa, shuka, na mwanamume asiyemjua akimlilia. Hakupiga kelele. Aliuliza taratibu amekufa lini, na mjukuu wake kaachwa na nani.
Mimi nilikuwa nimeshajificha nyuma ya pazia. Baba wa huyo mjukuu! Mke wangu aliporudi, miguu yangu ndiyo aliyoiona kwanza.

Alhamisi, 7 Machi
Mama angenitukana ningepona. Asubuhi kanimiminia chai, kaniita "baba," macho chini. Mke wangu hasemi nami. Kaniwekea mto sebuleni, kwenye kochi lile lile. Mama kaomba jambo moja tu: picha zile zifutwe akiona. Nimezifuta mbele yake. Akanishukuru. Akanishukuru! Nimeenda kulia chooni. Nimeapa: simpigi mtu picha tena bila ruhusa yake.

Jumamosi, 9 Machi
Baba mkwe kaja kumchukua mkewe. Nilimpokea begi nimeinama mpaka kiuno kikalia. Hakunigombeza. Alisema kukosea ni kwa kila mtu, mradi ajifunze. Nikamwambia nimejifunza. Mke wangu akatabasamu, mara ya kwanza tangu Jumatano.
Tumekula. Wanawake wako chumbani wanafunga mizigo. Mzee kajinyoosha kwenye kochi. Chali. Hakoromi hata kidogo.
Nimemtumia Staa ujumbe, yuko njiani. Nimeshika kalamu na hati. Kila palipoandikwa "mama" nakata, naandika "baba."