Wanyama Wataonekana kwa Kufuata Vyeo

Wananchi wote wa Kasongo, wa Kabambare na wa njia mbovu iliyo katikati wanajulishwa kwamba, kuanzia kiangazi hiki, wanyama wa porini wataonekana kwa kufuata vyeo. Zamani mtu yeyote aliweza kuingia msituni na kumwona kima kabla ya mkubwa wake. Fujo hiyo imekwisha. Sasa anaona Direkta wa Huduma yetu ya Wanyama kwanza, kisha wasaidizi wake, kisha mimi, Shefu wa Protokole Porini, na mwisho kabisa mgeni aliyetoka mbali ili aone.

Kanuni hii niliibuni mwenyewe. Nasema bila majivuno.

Basi wakubwa wa mkoa, kule Kindu, wakamtuma inspekta, Mama Marie-Thérèse, aje atupime. Asipoona mnyama, Huduma yetu ifungwe. Habari hiyo ilinikata maini. Huduma ikifungwa, narudi kuuza sabuni dukani kwa shemeji yangu Kamaldine, ambaye niliwahi kumwita "raia" mbele ya wateja wake na hajanisamehe. Na mke wangu Apolline amekwisha kuzoea kuitwa Mama Shefu. Sokoni haitikii jina lingine.

Tukaondoka Kasongo kwa pikipiki: Direkta Aristote ndani ya suti ya bluu, wasaidizi wake, inspekta, viti vya plastiki, zulia jekundu na megafoni. Mwongozaji wetu, Rehema wa Nyangwe, aliitazama sana ile megafoni.

"Shefu, hii nayo iko ya nini?"

"Ya kuwakaribisha wanyama."

"Aa. Basi watakuya mbio," akasema, akawasha pikipiki.

Msituni bahati haikukawia. Rehema akainua mkono kuonyesha kima mtini, akanong'ona: "Makako ziko pale juu, mama na watoto wake. Mama Inspekta, angalia."

"Ngoja kwanza," nikasema. "Mama, tafadhali fumba macho."

"Nifumbe macho?"

"Direkta bado hajaona."

Direkta hakuweza kuona kwa sababu hajaketi, na hakuweza kuketi kwa sababu zulia lilikuwa bado kwenye pikipiki. Tukatandika. Akaketi, akashika megafoni: "Waheshimiwa makako, mabibi na mabwana." Alipofika kwenye miundombinu, matawi yalikuwa matupu. Ikawa vivyo hivyo kwa hondohondo, na kwa nguruwe mwitu mmoja aliyeondoka bila kuaga. Utovu ule wa adabu uliniuma.

"Shefu," akasema Mama Marie-Thérèse, "tangu asubuhi naona migongo ya suti tu."

"Migongo ya wakubwa, Mama," nikamsahihisha. Lakini moyoni nilikuwa nimeanza kusikia harufu ya sabuni.

Nikaamua kuchagua mahali pa mwisho kwa mikono yangu. Palikuwa tambarare, penye kivuli, na mstari mweusi ulionyooka ukipita katikati, kana kwamba msitu wenyewe umetuchorea pa kutandika. Tukatandika juu yake. Direkta akaanza hotuba, akafika kwenye miundombinu, akanyamaza. Akasimama. Akavua koti, kisha suruali. Tulimtazama kwa heshima, tukidhani ni sehemu ya hotuba, mpaka siafu walipotufikia na sisi. Direkta akaukwea mti wa karibu.

Kanuni yangu iko wazi: mkubwa akipanda, wadogo wanapanda. Tukavua, tukapanda, kila mtu tawi la cheo chake. Msaidizi wa pili akajaribu kumpita wa kwanza, nikamrudisha chini kwenye siafu kwa heshima zote.

Kelele zikawaleta makako. Ukoo mzima ulikaa kwenye mti wa pili, ukatutazama. Hawana utaratibu hata kidogo: mtoto ndiye aliyeona kwanza, akamvuta mama yake aje aone kaputula ya Direkta.

Chini, mbali na siafu, Mama Marie-Thérèse alikuwa ameketi kwenye kiti cha Direkta alichokivuta kando, akicheka mpaka machozi.

"Mama, Huduma inabaki?" nikauliza kutoka juu.

"Inabaki. Tena inakua." Furaha ilinijaa, karibu niachie tawi. "Makako wamekuja wenyewe, kwa sababu yenu. Basi kuanzia kesho ofisi yenu iko hapa hapa, juu ya mti. Rehema atakuwa analeta wageni."

Amri ni amri. Sasa wageni wanamiminika, na kila anayefika anaona mara moja. Rehema anawaeleza kwa sauti ya chini: "Ile ya juu, yenye kaputula ya mistari, ndiye mukubwa wao. Musimupatie ndizi, ataanza hotuba."

Juzi alikuja Kamaldine, amempakia Apolline kwenye kinga, ile baiskeli yake ya dukani. Mke wangu aliniangalia, akaangalia kando. Mtu akamwita Mama Shefu, hakuitikia.

"Na huyu wa chini kabisa?" Kamaldine akauliza.

"Ni ya protokole," akasema Rehema. "Haiumi."

Shemeji akaingiza mkono mfukoni, akanirushia kipande cha sabuni. Nikakidaka kwa mikono miwili, na wageni wakapiga makofi.