Ng'ombe Amelala kwa Kipkemei

Jumatatu, 6 Oktoba
Watafiti wameingia Kitale! Wanauliza maisha yako yako ngazi gani, sifuri mpaka kumi. Na uchumi ulivyo, msaada lazima utafuata, na utaanzia chini. Nimemwambia mke wangu, Ciru, sisi ni sifuri. Naye amenikumbusha kwamba Jumamosi wanakuja watu wa Jotham, kijana wa Kanduyi anayemtaka binti yetu Nyambu. Ati nisilete mambo yangu. Mambo gani? Mimi hupanga tu.

Jumatano, 8 Oktoba
Ng'ombe tumemficha kwa jirani, Kipkemei. Makochi pia. Mtafiti, mama mpole anayeitwa Jentrix, amekalia ndoo na kunywa chai bila maziwa. Ameuliza kuhusu mifugo. Hakuna! Kuku akapita. Nikasema ni wa kanisa. Ngazi? Sifuri! Mama wa watu amefuta machozi. Kazi safi.

Jumamosi, 11 Oktoba
Balaa! Makochi yamerudi, ng'ombe amerudi, wageni wanashuka garini, na shangazi wa Jotham ni nani? Jentrix! Ameangalia makochi. Ameangalia ng'ombe. Nikasema upesi ni vya Kipkemei, nimeazima kwa heshima ya wageni. Kipkemei naye, niliyemwita awe msemaji wetu, akakubali haraka mno, ati ng'ombe wake atamchukua jioni. Baba Jotham akauliza kama hata msichana tumemwazima. Nyambu akakimbilia jikoni akilia.

Kilio kile kilinimaliza. Nikasimama. Ng'ombe ni wangu, nikasema, makochi ni yangu, na uongo ni wangu. Mtoto hana kosa. Kisha Jentrix akacheka mpaka akashika mbavu. Akamwambia kaka yake, baba Jotham, aeleze ng'ombe wake watatu walikuwa wapi watafiti walipofika Kanduyi.

"Si walikuwa kwangu, bana!" Jentrix akajijibu mwenyewe.

Baba Jotham akaangalia viatu vyake. Harusi ni Desemba.

Jumapili, 12 Oktoba
Ciru ameniuliza, ukweli wa Mungu, tuko ngazi gani. Nimefikiria. Nyambu alikuwa anakamua huku akiimba. Nimesema saba. Nimeshtuka mwenyewe! Ni kweli, nina furaha. Nimemwomba asimwambie mtu.

Alhamisi wanaandikisha wasiojiweza, wapewe mbolea. Kipkemei amekubali kumweka ng'ombe tena. Safari hii na kuku.