Tawi Letu la Ng'ambo

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekuwa kampuni ya kimataifa. Imechukua muda mfupi kuliko kukausha gundi.

Sababu ni ukumbi mpya wa mikutano. Meneja wake anatafuta fundi wa kutengeneza viti vya ukumbi mzima. Ukumbi mzima! Kazi ya kunitoa kwenye banda hili la mabati na kunipeleka kwenye duka lenye kioo mbele. Lakini jirani wa upande wa pili wa barabara, naye fundi makochi, keshaanza mbwembwe. Tunamwita Futi kwa sababu haivui futi ya kupimia shingoni hata akienda msibani. Kabandika kibao kipya: "Tuna matawi mikoani." Matawi! Tawi lake ni shemeji yake na cherehani mbovu.

Yeye mikoani, mimi ng'ambo. Nimejiandikisha mtandaoni kwa kampuni inayokodisha namba za simu za nchi yoyote utakayo. Mtu akipiga namba ya huko, simu inapita kwenye intaneti na kulia mfukoni mwangu hapa hapa. Nimechukua tatu, za nchi tatu, zote za theluji. Kadi zenye namba hizo zinatoka kwa mchapaji keshokutwa. Mke wangu kauliza kama watu wa theluji wanajua kwamba wana fundi. Hana maono, maskini.

Jumanne, 4 Machi

Siku nzima kwenye mipangilio ya namba zangu. Kazi ya kichwa hii, si ya kila mtu.

Mtambo uliuliza saa za kazi. Nimejaza kwa umakini: kufungua saa 2, kufunga saa 11. Ukauliza tena: nje ya saa hizo simu ziende wapi? Swali zuri. Kampuni ya maana haimwachi mteja hewani. Mke wangu kakataa katakata namba yake isitumike. Ikabaki ya mama mkwe, aliyekuja kutusalimia kwa wiki moja mwaka juzi na bado anatusalimia. Simu yake haipigwi na mtu, anaitumia kama tochi.

Nimemwomba kwa heshima zote. Nikamweleza kwamba ikilia jioni aseme tu ofisi imefungwa. Akauliza ofisi ipi. Nikamwambia yoyote.

Jumatano, 5 Machi

Simu ya kwanza! Alfajiri, jogoo wote wamelala. Mwanamume mkali, lugha siijui, amesema kwa kirefu. Nimemwahidi kochi lake litakuwa tayari Ijumaa, kama ninavyowaahidi wote. Amekata. Wateja wa ng'ambo hawapotezi muda.

Asubuhi nikachukua kadi kwa mchapaji, nikazipeleka ukumbini. Meneja ni mama wa miwani, hacheki ovyo. Kaigeuza kadi mbele na nyuma. Akasema atapiga mwenyewe azungumze na ofisi zetu, na kazi ataitoa mwisho wa juma. Futi naye yumo kwenye kinyang'anyiro, akanijulisha, kana kwamba habari hiyo ingenifurahisha.

Mchana kutwa nimeshika simu mkononi. Nimefanyia mazoezi sauti tatu: ya mhasibu, nzito; ya mapokezi, ya puani; na ya mkurugenzi, inayoanza na kikohozi. Kimya. Hata mtu wa kukosea namba hakuna.

Alhamisi, 6 Machi

Kimya tena. Futi kapita mbele ya banda akipiga mluzi. Mtu mzima!

Nyumbani mambo shwari. Mama mkwe kachangamka ajabu, kajinyoosha kwenye kochi, simu sikioni, anacheka mpaka anajifuta macho. Nikauliza anaongea na nani. Akajibu kwamba amepata rafiki, mama mmoja muungwana sana, na kwamba wakubwa wakiongea nisikatize. Nimemfurahia. Upweke si kitu kizuri kwa mtu wa umri wake.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya kuliko zote.

Nimefungua mtambo nikitaka kuilalamikia kampuni kwamba namba zao hazifanyi kazi. Kumbe simu zote zinaandikwa. Namba ya meneja ipo! Imepiga jana, imepiga juzi, tena na tena. Ya kwanza imeandikwa saa 14 na dakika 20. Nilicheka sana. Saa kumi na nne! Watengeneza mitambo na elimu yao yote, kuhesabu saa hawajui.

Halafu kicheko kikaniisha. Nikahesabu kwa vidole. Sisi tunaanza kuhesabu saa kukicha, mtambo unaanza usiku wa manane. Kwa hiyo tawi langu la ng'ambo linafunguliwa saa nane za usiku na kufungwa saa tano asubuhi. Na kuanzia saa tano asubuhi, kila anayeitafuta kampuni yangu anampata mama mkwe.

Nimekimbilia ndani na mkasi mkononi. Kuku wamenipisha njia. Nikamuuliza amemwambia nini yule mama. Hakushusha hata miguu. Kasema kamwambia ukweli, angemwambia nini? Kwamba ofisi za ng'ambo hakuna, liko banda mbele ya nyumba. Kwamba yupo mkwe mmoja anayeahidi Ijumaa ila hataji Ijumaa ya mwezi gani. Ila kochi alilotengenezewa na mkwe huyo, akaongeza, amelikalia tangu mwaka juzi halijabonyea, na yeye si mwepesi.

Nilikaa sakafuni. Duka la kioo, kwaheri. Naandika bila haya: nimelia. Mke wangu kaniletea maji, akaondoka haraka kwenda kucheka jikoni.

Jumamosi, 8 Machi

Meneja kaja! Sio bandani. Sebuleni. Wamekumbatiana na mama mkwe kama dada waliopoteana. Kisha akalikalia kochi, akainuka, akalikalia tena kwa nguvu, akaniamuru nilipindue aone chini. Akapitisha kidole kwenye mishono. Akasema Futi alimwonyesha picha tu.

Kazi ni yetu! Nimeruka. Nikaambiwa nitulie, kuna masharti. Meneja hatashughulika na kampuni ya kimataifa. Simu zote, tarehe zote na ahadi zote zitakuwa mikononi mwa mama mkwe. Mimi nimeandikwa kama fundi. Mkataba wamesaini wao wawili. Mchango wangu ulikuwa kalamu.

Futi kavuka barabara kutupongeza. Kampa mama mkwe mkono na kumwita mkurugenzi. Mimi kaniambia pole.

Jumapili, 9 Machi

Mkurugenzi kaniamsha na ratiba. Nikasema leo ni siku ya mapumziko. Akauliza mapumziko ya kazi ipi, kwani nimeshona nini.

Haiwezekani. Kampuni ni yangu. Nikapata wazo, na ni wazo safi: nina namba za ng'ambo ambazo hazijafanya kazi yoyote. Makao makuu yatampigia na kumstaafisha kwa heshima.

Nikajificha nyuma ya banda, leso mdomoni, nikapiga kwa namba ya nchi ya baridi kuliko zote. Kwenye simu yake imetokea ya huko huko, hakuna mwanya. Kikohozi kikatoka vizuri. Akapokea. Na mimi, kabla ya neno jingine lolote, nikamwamkia: shikamoo, mama.

Akaitikia marahaba, mwanangu. Nikaendelea hivyo hivyo, ningefanyaje? Nikamsomea hotuba yote: shukrani za bodi, utumishi uliotukuka, madaraka kurudi kwa mkwe. Kasikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha kaniambia makao makuu yakitoka huko nyuma ya banda yapitie dukani, sabuni imekwisha.

Sabuni nimeleta. Kosa nimeliona, na ni dogo: nilichagua nchi iliyo karibu mno. Jioni hii nimekodi namba ya nne, ya kisiwa ambacho hata kwenye ramani nimekitafuta kwa miwani ya mke wangu. Mkurugenzi wa huko atakuwa mwanamke wa makamo, mwenye mafua. Nimeanza mazoezi ya sauti.