Njia Rahisi ya Kuzunguka Msitu

Jumanne, 4 Juni
Binti yangu anaondoka Jumatatu. Kapata kazi kwenye maabara, mbali, safari ya basi ya kutwa nzima. Wiki iliyopita nilimpongeza. Leo asubuhi nimegundua kwamba sitaki aende.

Tangu tumzike mama yake, hatujamtaja. Hata mara moja! Tunaongea habari za sukari imekwisha, gesi imekwisha, mlango wa nyuma unabanabana. Nyumba ya watu wawili, kimya cha watu kumi. Nataka tuongee kabla hajaondoka. Tukiongea, huenda akabaki. Lakini utaanzaje? Mimi ni fundi funguo, nusu ya mji huu nimewafungulia milango kwa kipande cha waya. Kinywa changu mwenyewe kimenishinda.

Jioni, hila ikanijia. Nje ya mji kuna hifadhi ya msitu, na ndani yake njia ya kuzunguka. Kibao kinasema: rahisi, inafaa familia. Uzuri wa njia ya kuzunguka ni huu: ukifika katikati huna pa kukimbilia. Kurudi sawa na kuendelea. Mtoto atakwama na baba yake! Katikati kuna benchi kando ya kijito. Marehemu alipenda kukaa pale, avue viatu, atie miguu majini. Tukifika hapo nitaanza kusema. Nina akili sana.

Jumatano, 5 Juni
Nimemwambia binti kwamba daktari ameniagiza nitembee kwa sababu ya presha. Akatoka, akarudi na jirani yetu muuguzi na mashine yake ya kupimia. Presha yangu ni ya kijana wa shule. Nikasema mashine mbovu. Akajipima yeye, akampima na jirani. Mashine nzima.

Akasema njia ya mwongo ni fupi. Kisha akauliza hii ya msituni ina urefu gani, na kama avae raba.

Anakuja!

Ijumaa, 7 Juni
Balaa. Shemeji amejua. Huyu ni kaka wa marehemu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu asiyeona jambo bila kuliwekea mkono. Amekuja kibandani kwangu na buti mpya, kofia pana, na filimbi shingoni. Filimbi! Kwa njia inayofaa familia! Akatangaza kwamba yeye ndiye atakayeongoza.

Sikukata tamaa. Usiku wakati wa kula nimemsikitikia mbele ya binti. Goti la mjomba wako bovu, nikasema. Juzi alishuka ngazi za duka kwa kushikwa mkono kama bibi harusi. Akianguka porini, nani atambeba? Nimelirudia hilo goti mpaka chakula kikapoa. Shemeji nimempigia simu, nikamwambia tunaondoka saa nne. Tunaondoka saa mbili.

Jumamosi, 8 Juni
Shemeji alifika saa moja. Nilimkuta sebuleni anakunywa chai yangu.

Getini, mlinzi wa msitu akatueleza kwamba ukishika kulia au kushoto, utarudi palepale. Shemeji akataka kulia, eti dada yake alikuwa anapita kulia. Mimi nikasema kushoto, mke alikuwa wangu. Ukweli sikumbuki. Marehemu alikuwa anatangulia, mimi natazama mgongo wake tu. Tukabishana mpaka mlinzi akajirudia kibandani mwake. Nikasema basi, kila mtu na njia yake, tukutane kwenye benchi. Nikaondoka bila kugeuka. Nilijua binti atanifuata.

Nikamsikia nyuma yangu akipaza sauti. Kwamba baba, umesema mwenyewe goti la mjomba bovu, nitamwachaje peke yake? Wewe presha yako nzuri.

Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nimefika kwenye benchi. Nikatoa chupa ya chai na vikombe vitatu. Kimoja nikakirudisha mkobani, shemeji atajua atakunywea nini. Nikajizoeza maneno. Nikakiambia kijito kwamba mwanangu, mama yako nimemkumbuka leo, na jana, na kila siku ninapoona kanga yake mlangoni, na siwezi kuiondoa. Nilisema vizuri! Nikalia kidogo, hapakuwa na mtu. Chai ikapoa, nikainywa yote.

Hawakuja. Nikafuata upande ambao wangetokea, huku naita. Nikasikia filimbi mbali, mbele yangu, inazidi kwenda. Kumbe goti liligoma kweli, wakageuza. Nimetembea nusu ya msitu nyuma ya mwanangu bila kumwona.

Nikawakuta getini juu ya gogo. Shemeji kavua buti. Macho ya binti mekundu, na ya shemeji vilevile. Shemeji akanivuta kando, akanishika bega, akasema wamemzungumza marehemu njia nzima, mtoto alikuwa amejaa, sasa afadhali. Akasema nami nisijifungie.

Nimeumia. Maneno yangu yameondoka na maji. Machozi ya mwanangu kayapata muuza misumari.

Jumapili, 9 Juni
Binti amefunga mizigo. Nimekaa mlangoni kwake natazama anavyokunja nguo. Anakunja kama mama yake, mikono ya shati ndani. Akauliza jana nilitaka kumwambia nini kule msituni. Nikasema bomba la jikoni linavuja.

Akaenda kulikaza.

Jumatatu, 10 Juni
Stendi. Nimemwambia abebe sweta. Alikuwa amelivaa. Nikamwambia tena.

Kabla ya kupanda akanishika mkono. Akasema baba, ungeniambia tu nikae, ningewaomba kazini wanisubiri. Hata mwezi wangesubiri. Haikuhitaji msitu.

Nikamwambia atafute kiti cha dirishani.

Basi likaondoka. Alikaa dirishani kweli, akanipungia mpaka kona. Nimerudi nyumbani, nimechemsha chai ya watu wawili kwa mazoea. Nimelia, na safari hii kwa sauti. Bomba limekauka kabisa. Nilikuwa nimezoea lile tone.

Alhamisi, 13 Juni
Kapiga simu. Kamwota mama yake, kaketi kwenye lile benchi, kavua viatu. Nikasema ehee. Kisha akasema nikimwambia njoo, mwisho wa mwezi anakuja. Neno moja tu, baba. Nikasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Nimetafakari kutwa nzima, sikuchonga hata ufunguo mmoja. Sasa nimelielewa kosa langu. Kosa lilikuwa kushika kushoto.

Tena msitu wenyewe ni mbali. Hila nzuri ni ya nyumbani. Nitamwambia paa linavuja, aje tusaidiane. Ila yule mtoto hupima kila kitu, nimeshamjua. Kwa hiyo paa lazima livuje kweli. Nimeenda dukani kwa shemeji, nikaazima ngazi na nyundo, nikachagua msumari mnene. Akauliza wa nini. Nikasema mambo ya nyumbani. Akasema atakuja kesho kunishikia ngazi, mtu mzima hapandi peke yake. Nimemwambia aje saa nne. Napanda saa mbili.

Nitatoboa juu ya kitanda changu. Chumba cha mwanangu sikigusi. Akija, lazima apate pakavu pa kulala.